Ramadhani Tuliyokatazana Uongo

Enzi zetu, mtu akitaka kukuhadaa ilimbidi aje mwenyewe, akae mbele yako na akutazame usoni. Vijana wa leo wanahadaiwa na watu wasiowajua hata sura, kwenye zile kompyuta za kukodi, kisha wanarudi nyumbani wamenuna wakidai dunia imeharibika. Huwacheka kidogo halafu nikanyamaza. Sisi tulihadaana kwa adabu, kwa salamu na kwa kushikana mikono, na mimi nilikuwa hodari kuliko wenzangu wote. Naandika haya kwa ajili yenu wa rika langu, mliocheza nage mpaka magoti yakachubuka kisha mkakimbilia chuoni na vumbi miguuni. Msije mkanisikia nazisifu enzi zile mkadhani nilikuwa mtoto mwema.

Kilichonikumbusha yote ni boksi. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu Zuwena alikuja likizo kutoka Ulaya, kijana wa miaka kumi na saba, nywele zimemfunika macho, samaki mwenye miba hamgusi. Alikuja na boksi lenye dadu ya pande ishirini na vitabu vinene vya mchezo ambao, kwa maelezo yake, hauna ubao wala mshindi. Mmoja anasimulia. Wengine kila mmoja anambeba mtu wake wa kubuni, anasema kwa sauti yake na kutaka anachokitaka yeye, na hadithi moja huweza kwenda miezi. Alinieleza polepole, kama anayemfundisha bibi kizee kutumia simu. Nikakaa nao mezani, yeye na rafiki zake wawili wa mtaani. Kabla chai haijaisha kwenye birika nilikuwa nimeshamshawishi jemadari wao anikabidhi daraja na funguo za ghala, na sikuwa nimesema neno hata moja la uongo.

"Mama mdogo," akaniambia, macho yamemtoka, "nani kakufundisha?"

"Nilijifunza kwenye mchezo mwingine."

Alitaka kujua upi. Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Nyumba yetu ilikuwa Mkunazini, Unguja mjini, ya ghorofa mbili juu ya ukumbi wa chini. Ukumbini alikuwa Fundi Petro, mchonga milango kutoka Tanga, ambaye babu yangu alimpa nafasi ile afanyie kazi yake na alale hapo hapo na binti yake. Tuliamka kwa mlio wa patasi. Harufu ya mbao za msaji ilipanda ngazi ikakutana na harufu ya hiliki kutoka jikoni kwa Bibi, aliyekaa ghorofa ya kwanza, na sisi tuliokaa juu tulizipata zote mbili pamoja na moshi wa mkaa. Mpaka leo nikipita penye seremala husikia njaa.

Binti yake Fundi aliitwa Tekla. Alikuwa rika langu, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyofanana na umbo lake. Mama yake alifariki yeye akiwa hajajua kutembea, kwa hiyo akitoka skuli alipanda moja kwa moja kwa Bibi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mwanangu, umekula?" Na kabla hajajibu kawa lilikuwa limeshafunuliwa, muhogo wa nazi unamngoja. Jumapili alivaa gauni jeupe akaenda kanisani na babake, na siku nyingine zote alikuwa wetu. Bibi alimsuka, alimkogesha, alimfokea kama alivyotufokea sisi. Hapakuwa na mtu nyumbani aliyeona ajabu, au basi mimi sikumjua.

Ule ubao aliuleta Ami Khalfan, mdogo wake baba, aliyekuwa akifanya kazi melini. Ulikuwa na ramani ya nchi za Ulaya na kijitabu cha maelezo kwa lugha ya kigeni. Dada Zuwena, aliyekuwa na kamusi na subira, alikisoma wiki nzima. Ramani haikutuvutia, nani alijua nchi zile ziko wapi? Tukageuza kalenda ya zamani, tukachora Unguja nyuma yake. Nassor, mtoto wa Ami Khalfan, alichukua Nungwi na Matemwe. Tekla alichukua Kikwajuni na Darajani. Zuwena alishika Chwaka na mimi nikapewa kusini yote. Vifungo vya nguo vilikuwa ndiyo majeshi, na mchezo tukauita Mapatano.

Haukuwa na dadu wala bahati. Majeshi yote yalikuwa na nguvu sawa, hivyo huwezi kuuteka mji wa mtu bila mtu mwingine kukusaidia. Basi kabla ya kila zamu mlikwenda wawili wawili kwenye ngazi, mkanong'onezana huku waliobaki wakihesabu mpaka mia. Mkirudi, kila mmoja aliandika amri yake kwenye kikaratasi na vikaratasi vyote vikafunuliwa kwa pamoja. Hapo ndipo ulipojua nani kakuuza. Nassor alikuwa mwongo mbovu, masikio yalimwiva akabaki kucheka. Zuwena alipanga mambo makubwa mno akasahau madogo. Tekla hakudanganya kabisa. Akikuahidi Darajani, umeipata Darajani, na ndiyo maana alishindwa karibu kila siku. Nilimwona mpumbavu.

Mimi niligundua mapema kwamba kila mtu ana kitu anachokitaka kuliko kushinda. Nassor alitaka kusifiwa. Zuwena alitaka asikilizwe mpaka mwisho. Tekla alitaka asiachwe peke yake. Nilipokuwa na Tekla pale ngazini nilimwambia, "Mimi na wewe mpaka mchezo uishe," akaitikia kwa kichwa, na macho yake yakalainika kama ya mtoto aliyefunikwa shuka. Nilikuwa na miaka kumi tu na nilishajua pa kumgusa mtu.

Ikaingia Ramadhani. Alasiri za saumu mnazijua wenyewe: ulimi mkavu, jua halitaki kushuka, na harufu ya tambi inapita chini ya kila mlango. Ubao ndio uliotusaidia kufika magharibi. Lakini Zuwena akaingiwa na wasiwasi, akamuuliza maalim chuoni: je, mtu akisema uongo mchezoni, saumu yake inakuwaje? Maalim akamtazama juu ya miwani.

"Uongo ni uongo. Thawabu zinakwenda, unabaki na njaa yako."

Tulirudi tumeshtuka, maana kwa hesabu ya thawabu tulikuwa tumeshinda na njaa siku tisa bure. Papo hapo tukakatazana uongo mpaka Idi. Ruhusa kunyamaza, ruhusa kuchagua ukweli upi uuseme, lakini ukifungua mdomo, unachokisema kiwe kweli. Tekla hakuwa akifunga, ingawa hata siku moja hakula mbele yetu, na sharti lile alilishika kuliko sisi sote.

Kanuni ile ilikusudiwa itutengeneze. Mimi iliniharibu. Nassor akiniuliza, "Utanivamia?" nilimjibu, "Jeshi langu mbona liko Makunduchi?" Na kweli lilikuwa Makunduchi, mpaka vikaratasi vifunuliwe. Tekla akiniuliza kama nimeongea na Zuwena, nilimwambia Zuwena leo anaumwa kichwa. Kweli, alikuwa anaumwa. Siku moja Tekla aliniambia hivi hivi, bila hasira, "Wewe Raya husemi uongo, lakini mtu akitoka kwako keshadanganywa." Nilifurahi wiki nzima kwa maneno yale. Nilidhani ni sifa.

Mchezo wa pili ulitokana na Ramadhani hiyo hiyo. Zuwena alirudi kwa maalim na swali jingine: na anayesimulia hadithi, akasema sungura kasema hivi na fisi kajibu vile, naye je? Maalim akacheka. Huyo hasemi uongo, alisema, wanaomsikiliza wanajua ni hadithi. Zuwena akaona mlango umefunguka. Akauweka ubao kando, akachukua buku la skuli na dadu mbili za ludo, akatuambia kila mmoja achague mtu wa kuwa. Atakachokisema mtu huyo si chetu, ni chake.

Nassor akawa Sultani Tumbo, aliyezungumzia chakula mchana kutwa mpaka tukamwomba anyamaze. Tekla, kwa ile sauti yake nzito, akawa Bwana Komeo, mlinzi wa lango la mji wenye kuta saba. Mimi nikawa Mwana Pazia, mpelelezi. Hadithi ile ilikwenda mwaka mzima. Tuliichukua mpaka baada ya Idi, ikapita mitihani, ikapita mvua za masika zilipovuja dari, na kila tulichokijua tulikuwa tumekitoa kwenye Mapatano. Tulijua kukumbuka ahadi ya miezi miwili nyuma. Tulijua kumsikiliza mtu mpaka tukapata anachokitaka na hajakisema. Tulijua hata kunyamaza, ili mwenzako naye apate zamu yake ya kung'ara. Waliokulia kwenye michezo ya bahati wasingeweza, wangerusha dadu na kugombana.

Bwana Komeo alimwapia Mwana Pazia mambo mawili: hatamwambia mtu nani kapita langoni, na hatalifunga lango akiwa yeye yuko nje. Tekla aliyasema hayo amesimama, mkono kifuani. Nassor alicheka. Tekla hakucheka.

Ramadhani iliyofuata nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa nimefunga siku ishirini na mbili bila kuacha hata moja. Bibi alizitangaza dirishani kwa jirani kila jioni. "Raya wangu hajala hata moja!" Aliniahidi bangili yake ya fedha nikimaliza zote, ile aliyovaa yeye alipokuwa mwali. Kwenye hadithi yetu, Mwana Pazia alikuwa nje ya mji katikati ya maadui, na Bwana Komeo anamngoja.

Siku hiyo Bibi alikuwa na wageni wa futari. Alikwenda kusali alasiri, akaniacha jikoni niangalie maziwa yasifurike. Kaimati zilikuwa kwenye sinia, zimeshatiwa shira, zimefunikwa kawa. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka ya kwanza ilivyopasuka mdomoni, ingali moto. Nikala ya pili ili nisahau ya kwanza. Nilikuwa kwenye ya nne Tekla alipoingia, amekumbatia mbuzi ya kukunia nazi ya Bibi, ambayo babake alikuwa ameitengeneza mguu.

Alinitazama. Aliiweka mbuzi chini, akanishika mkono na kunifuta shira kwa upindo wa gauni lake, kidole kimoja kimoja.

"Kasukutue," akaninong'oneza. Kisha kwa ile sauti ya langoni, "Bwana Komeo hakuona mtu."

Nikasukutua. Bibi akarudi, na nyuma yake Ami Khalfan, aliyekuja na tende za wageni. Zuwena na Nassor walikuwa wanashuka kutoka juu. Bibi akafunua kawa, akahesabu kwa macho kama wanawake wote wanavyohesabu.

"Nani kala kaimati zangu?"

Akamtazama Nassor, masikio yake yalikuwa ya kawaida. Akamtazama Zuwena. Akanitazama mimi, na nikaona wasiwasi mdogo unaanza kumwingia, yeye aliyekwishawaambia majirani wote. Ningeweza kunyamaza. Kanuni iliruhusu. Nikachagua ukweli.

"Tekla hafungi, Bibi."

Basi. Maneno matatu, na hakuna mwanachuoni ambaye angenikamata kwa hata moja. Macho ya watu wote yalishuka kwenye gauni la Tekla, kwenye doa la shira lililokuwa bado linang'aa.

"Tekla, mwanangu," Bibi akasema, na aliumia kweli, "ungeniomba tu."

Tekla alinitazama mimi, hakumtazama Bibi. Macho yale niliyajua. Ndivyo alivyotazama vikaratasi kabla havijafunuliwa. Alidhani nina mpango, kwamba nimesema vile kwa sababu nina neno jingine linalofuata la kututoa sote wawili. Alinipa muda. Aliningoja mpaka maziwa yakafurika yakazima mkaa, na mimi nikashughulika na maziwa.

Ami Khalfan ndiye aliyelichukua jambo. Alikuwa ameshaacha meli, na kwa miezi kadhaa alikuwa akiutaka ukumbi wa chini afungue duka la vitu vya watalii, maana wageni walikuwa wameanza kumiminika mjini. "Ndo nlivosema mie," akasema. "Watu wa bara hawa. Unamfungulia mlango wa chini, ukigeuka yumo jikoni." Mara ya kwanza kusikia nyumbani kwetu watu wakiitwa watu wa bara, na aliyefungua njia ya maneno yale ni mimi. Bibi alimwambia anyamaze, lakini hakumwambia kwa nguvu.

Nilishuka mpaka katikati ya ngazi, pale pale tulipokuwa tukipatana. Nilimsikia Fundi Petro akimuuliza binti yake swali moja.

"Umekula?"

"Sijala, Baba."

"Nani kala?"

Nilisubiri alitaje jina langu, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaandaa la kujibu. Hakulitaja. Fundi hakuuliza tena. Siku ya tatu alipanga patasi zake kwenye kitambaa, moja baada ya nyingine, na mkokoteni ukawachukua kwenda kwa ndugu yake Kikwajuni. Baadaye tulisikia wamerudi Tanga. Mlango aliokuwa akiuchonga ulibaki umeegemea ukutani, nusu una maua na nusu ni mbao tupu, mpaka Ami akautumia kuwekea fulana za duka lake.

Idi nikavishwa bangili. Wiki iliyofuata Zuwena alifungua buku, akasoma mpaka pale Bwana Komeo anapomngoja Mwana Pazia. Nassor akasema tutie mlinzi mwingine. Zuwena akalifunga buku na hakulifungua tena.

Siku ile ya saumu nimeilipa. Saumu hulipwa, ndiyo raha yake, na mimi nimeilipa mara nyingi kuliko inavyonipasa. Bibi aliishi miaka minane baada ya hapo, na kila Ramadhani alipokuwa akikaanga kaimati alisema yale yale. "Yule mtoto wa Fundi, angeniomba tu ningempa sinia zima." Nami nilikuwa karibu yake nakoroga shira. Alifariki anamdhania Tekla mwizi.

Tekla nilimwona mara moja tu, miaka kumi na kitu baadaye, Darajani, penye vitunguu. Aliniita kwa sauti ile ile.

"Raya?"

"Naam."

Tukakumbatiana. Alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi Tanga, amekuja kumwona ami yake mgonjwa. Fundi Petro alikuwa hai lakini macho yamemtupa, hachongi tena. Tuliulizana watoto, tuliulizana afya. Kisha akanishika kifundo cha mkono, pale palipo bangili, akatabasamu.

"Mwana Pazia alirudi?"

"Hatukucheza tena," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Mimi lango sikulifunga." Alingoja kidogo. Alikuwa bado anajua kungoja. "Na Bibi, yu mzima?"

"Bibi kafariki."

"Mungu amrehemu. Alikuwa akinipenda."

"Alikuwa akikupenda," nikasema, na hiyo pia ilikuwa kweli. Nilikuwa na kikapu mkononi, na nilisikiliza kweli zangu zote zikipangana mstari na hakuna hata moja iliyokuwa ndiyo yenyewe. Akaniaga. Nilimtazama akipita katikati ya watu mpaka mtandio wake ukapotea.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa dada yangu, niliyekuwa nikimcheka. Siku ya tatu ya mchezo wao alimgeuka rafiki yake ndani ya hadithi, na yule mwingine uso ukamshuka. Unajua alifanya nini? Alisimamisha mchezo. Aliweka dadu mezani akamuuliza, kwa jina lake halisi, "Uko sawa? Nimekuudhi? Samahani." Wakazungumza kidogo, wakaendelea. Nilicheka kwa sauti nikawaambia watoto wa siku hizi laini kama mkate wa kumimina, enzi zetu mtu aliuzwa na akameza. Wakacheka nami. Kisha nikaingia jikoni nikakaa kwenye mbuzi, ile ile aliyoitengeneza Fundi, ambayo mguu wake haujalegea mpaka leo.

Enzi zetu tulikuwa na nage, na mdako, na wazee walioweza kumfokea mtoto wa mtu yeyote. Tulikuwa na mchezo uliotufundisha kumjua mtu mpaka ndani. Hatukuwa na mtu wa kutufundisha kuweka dadu chini na kuuliza.

Kaimati nilizila mimi, Bibi. Zilikuwa nne. Tekla alikuja kurudisha mbuzi tu.